Kipande cha Alamin

Gazi,
14 Februari 1999

Twaiba mjukuu wangu,

Kathini alikuwa ameshaanza kuandika yale maneno ya shuleni, kwamba ni matumaini yangu barua hii itakukuta u buheri wa afya. Nimemwambia afute. Karatasi ni moja na mimi nina maneno yangu. Yeye ananiandikia kwa kuwa mkono wangu haujui kalamu, basi ataandika ninavyosema, na akitia lake nitajua, maana akimaliza nitamwambia anisomee.

Babako amepasuliwa. Usishtuke, yu hai na analalamika. Jumanne ile nyingine alirudi kutoka kuangua nazi kwa Mzee Garama, akajikunja hapo barazani kama jongoo. Nikamuuliza, umekula nini? Akasema, "Mama, nyamaza kidogo." Nikajua jambo lipo, kwa sababu Alamin hajawahi kuniambia ninyamaze akabaki na meno yake yote. Tukampakia kwenye pikapu ya samaki mpaka hospitali. Daktari akasema ni kidole tumbo, kimeshaoza. Wakamkata siku hiyo hiyo. Amelala huko siku tano, amerudi na mshono wa nyuzi nyeusi.

Sasa hataki kukaa. Juzi nimemkuta shambani anatazama minazi juu kama mtu anayetazama mke wa jirani. Nikamwambia, teremsha macho. Akacheka. Lakini siku hizi akicheka ni mdomo tu, uso wote umelala. Na mkono wa kushoto, akiuweka mapajani, unacheza peke yake, kidole gumba kinasugua cha shahada kama anayevuta tasbihi. Nikimuuliza anaufunika na kikoi.

Labda ni damu iliyomwagika. Wewe ndiye ukaaye na madaktari huko maabara Nairobi, unakata nyama za watu nyembamba kuliko karatasi ya sigara. Waulize nimpe nini. Mimi nampa supu ya pweza. Hata hiyo hana habari nayo. Jana mchuzi wangu umeungua mpaka Kathini akatoka kwake kuja kuuliza kuna moto wapi, na babako alikuwa ameketi hapo hapo mbele ya jiko, haoni ajabu. Nimempigia kelele mpaka koo limenikauka.

Nimechoka, mjukuu wangu. Mvua zile za Elnino zilinichukulia ukuta wa jiko na mpaka leo haujasimama. Ukipewa ruhusa njoo Idd.

Bibi yako,
Biasha binti Matano
(alama ya dole)


Nairobi,
25 Februari 1999

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Mama Kathini, nakusalimu na wewe. Tafadhali msomee Bibi polepole, na asiwepo Baba karibu.

Bibi, nimeisoma barua yako nikiwa kazini, na nilipofika kwenye ule mchuzi ulioungua nikavuta kiti nikakaa.

Kuna ugonjwa unaitwa Parkinson. Unashika mishipa ya fahamu na kuharibu ubongo kidogo kidogo. Mtu hutetemeka mkono akiwa ametulia, mwili unakuwa mzito, uso unakauka. Tatizo lake ni kwamba siku mkono unapoanza kucheza, ugonjwa huwa umeshakaa ndani miaka mingi. Daktari Mwanzia, ambaye ndiye ninayemfanyia kazi, anadhani huacha alama mapema tumboni, kwenye nyuzi ndogo za fahamu zilizomo ndani ya utumbo. Kuna waliokufa nao wakakutwa na vitu vya mviringo ndani ya nyuzi hizo. Yeye anatafuta kama vinaweza kuonekana kwa mtu aliye hai, mkono ukiwa ndio kwanza unaanza, au hata kabla. Ni utafiti, Bibi. Hakuna aliyeapa kwamba ndivyo.

Kidole tumbo nacho ni utumbo. Nimepiga simu hospitalini. Kipande cha Baba bado kipo, kimo kwenye chupa ya dawa inayokizuia kuoza. Nesi Mbeyu atakihifadhi mpaka Ijumaa ya tarehe tano, kisha watakichoma pamoja na vingine. Wanataka mtu wa nyumbani akichukue. Nenda wewe. Usiifungue chupa, usimwage ile dawa, mkabidhi dereva wa basi la asubuhi pale Ukunda, nami nitamngoja huku. Tukikikosa hiki, sijui kama Baba atakubali akatwe kingine.

Nijibu na haya. Je, Baba ananusa? Anapata choo vizuri? Anapiga mateke usingizini? Na Babu Chirau, alianguka vipi? Nilikuwa mdogo, nakumbuka tu nyumba imejaa watu.

Mpaka tujue, asipande mnazi. Naomba sana.

Mjukuu wako,
Twaiba Alamin


Gazi,
9 Machi 1999

Twaiba,

Marahaba. Nimekwenda hospitali. Nimeweka dole kwenye kitabu chao. Nesi Mbeyu amenipa chupa, chupa yenyewe ilikuwa ya jemu, na ndani yake mwanangu anaelea kama embe la achari.

Sasa nisikilize na usinikatize. Nilifika kituoni Ukunda, basi lilikuwa bado. Nikakaa na chupa mapajani chini ya leso. Mama mmoja akaniuliza, "Bibi, unauza pilipili?" Moyo ukanigeuka. Nikajiambia, Biasha, hii ni nyama ya mtoto wako, na wewe unataka kuitia kwenye gari, ikakae chini ya miguu ya watu na magunia ya viazi mpaka Nairobi, ikakatwe, ikapakwe rangi, kila mpita njia aichungulie. Kitovu chake nilikizika mimi. Govi lake nililizika mimi. Hata kucha zake alipokuwa mchanga sikuziacha zikapeperushwa. Kitu kikitoka kwa mwanadamu kinarudi mchangani, hivyo ndivyo tulivyokuta na hivyo ndivyo nilivyolelewa.

Nikarudi nyumbani. Nikaifungua, ile dawa ikanichoma macho nikalia bila kutaka. Nikakiosha maji saba, nikakifunga kwenye kitambaa cheupe, nikakizika pale pale ukutani nyuma ya nyumba kilipo kitovu chake. Nikasoma Fatiha. Kathini alisimama na mimi, na yeye akasema amina kwa dini yake.

Ukasirike, una haki. Lakini babako mzima. Ananusa, ila siku ile alikuwa na mafua. Mkono unamcheza kwa sababu ya udhaifu. Na babu yako alianguka kwa kuwa mvua ilinyesha na shina lilikuwa na utelezi. Yaliyopita yamepita.

Amerudi minazini Jumamosi.

Bibi yako,
Biasha binti Matano
(alama ya dole)


Nairobi,
18 Machi 1999

Bibi,

Shikamoo.

Siku ile nilikwenda kusimama stendi tangu saa nane mchana. Basi likaja, nikamuuliza dereva, akasema hakupewa kitu. Nikangoja na la pili. Daktari Mwanzia alikuwa ameniwekea kiti karibu naye, tukitazame pamoja.

Sitaki kukuvunjia heshima. Najua vitu vinavyozikwa. Mimi kila kipande ninachokikata hapa nakisomea bismillahi, wenzangu wananicheka. Lakini kile kingeweza kutuambia jambo ambalo mwili wa Baba hautalisema wazi ila baada ya miaka miwili au mitatu. Na hiyo miaka miwili au mitatu atakuwa wapi? Juu ya minazi ya Mzee Garama, na panga kiunoni, ameshikilia kwa mkono ambao haumtii.

Jambo jingine. Nilipompigia Nesi Mbeyu kumuuliza, aliniambia ulikaa naye kitambo kabla hujaondoka. Akasema ulimuuliza kama chupa ya namna ile inaweza kuonyesha ugonjwa ambao mtu ameurithi kwa baba yake.

Bibi, unanificha nini?

Twaiba


Gazi,
2 Aprili 1999

Twaiba mwanangu,

Idd imepita bila wewe. Nilikaa na barua yako tangu siku ile ilipofika. Kathini alinisomea mara moja, nikamwambia aikunje. Leo nimemwita. Nimemwapisha kwa Biblia yake kwamba haya hayatatoka nje ya mlango huu, akaapa, akaniuliza na mimi niape kwamba sitamlaumu mwandiko wake ukienda mrama. Ameshaanza kufuta machozi na sijasema kitu. Wakamba hawa wana mioyo ya karibu.

Babu yako alitetemeka. Haya, nimesema.

Alianza mkono wa kulia. Kisha akawa hanusi. Mtu aliyekuwa akijua tembo la mnazi limechacha toka yuko njiani, akawa ananyweshwa chochote anakunywa. Halafu nyayo zikawa nzito, anaburura. Vifungo vya shati nilimfunga mimi. Nilimlisha ndani, mlango nimeurudisha, kisha akatoka barazani akajifuta midomo kama aliyekula mwenyewe. Watu wakiuliza, nikasema ameteguka. Mwaka mzima na nusu nimesema ameteguka. Hakuna aliyenishuku, kwa sababu wote wananijua mimi ni mtu wa kusema kweli mpaka watu wanakimbia. Mimi niliyemwambia imamu usoni kwamba hotuba zake ni ndefu. Nani angedhani ninaweza kudanganya?

Na kwa nini? Kwa sababu mkwezi akijulikana anatetemeka, hapewi mnazi na mtu yeyote. Na Chirau bila mnazi hakuwa mtu. Alikuwa akinena na minazi kuliko alivyonena na mimi.

Siku aliyoanguka hapakuwa na mvua. Jua lilikuwa linawaka. Asubuhi alikaa kitandani anatazama miguu yake, akaniuliza, "Niende, Biasha?" Maisha yetu yote hakuwahi kuniuliza niende au nisiende. Nikamwambia nenda. Nikamfunga vifungo, nikamwambia nenda.

Sasa nimeona mkono wa Alamin unavuta tasbihi ile ile. Ulipoandika kuhusu chupa nilijua itasema nini. Hayo ya kitovu na govi ni kweli, kila neno, sikuyatunga. Lakini kama ingekuwa ni nyama ya mtu mwingine ningempa dereva na kumwambia aendeshe vizuri. Nilizika ili isiseme.

Ukitaka nitakifukua. Mahali napajua. Jembe ninalo.

Biasha
(alama ya dole)


Nairobi,
13 Aprili 1999

Bibi yangu,

Shikamoo. Usikifukue. Mchanga umeshakila, hakitatufaa tena, na mimi sitaki uchimbe hapo.

Nimelia nikamaliza. Hukumsukuma Babu. Na hata kama wakati ule kungekuwa na mtu wa kukipima kipande chake, hakuna dawa ambayo ingeuzuia ugonjwa. Mpaka leo haipo. Zipo dawa za kuufanya mkono utulie na mwili uwe mwepesi kwa muda, basi. Kwa hiyo utaniuliza, kujua mapema kuna faida gani? Kwa wengine sijui. Kwa Baba ni moja, ashuke chini mapema.

Nimemwandikia mwenyewe. Nimemweleza kwamba Daktari Mwanzia anaweza kuchukua vipande vingine vidogo kama punje ya mchele kutoka kwenye utumbo, bila kumpasua. Mpira mwembamba unapitishwa nyuma. Amenijibu mstari mmoja. Amesema yeye ni mwanamume na ni baba yangu, nisimwandikie tena uchafu.

Mimi nimefika mwisho wa maneno. Hatanisikia. Wewe ndiye unayeweza.

Twaiba wako


Gazi,
30 Aprili 1999

Twaiba,

Nimesema naye kwanza nyumbani, tukiwa wawili. Nimemwambia yote ya babake. Akakata muwa akatafuna, akasema, "Mama, umezeeka, unaota mchana." Nikamwambia habari ya mpira. Akaondoka na muwa wake.

Basi Jumatatu nikaenda kwa Mzee Garama. Uwanjani kwake wanaume sita walikuwa wanafua nazi, wanazitoa makumbi kwa vifuo, vijana na wazee. Alamin alikuwa juu ya mnazi. Nilisimama. Garama akaniambia, "Karibu Bi Biasha, mbona umekuja na sura ya msibani?" Nilinyamaza mpaka miguu ya mwanangu ikagusa mchanga, maana sikutaka aanguke kwa maneno yangu. Ilikuwa ni kitambo kirefu. Nilihesabu makarara yaliyotapakaa chini ya minazi.

Aliposhuka nikasema. Nikasema mbele yao, Garama, mume wangu Chirau alikuwa anatetemeka na mimi niliwaficha. Nazi zako aliziangua na mkono mmoja. Na huyu mwanangu ana ugonjwa ule ule. Ukimpa mnazi tena, akianguka, usije kwangu na sanda wala na mchele, sitakupokea.

Mzee Garama akasema, "Bi Biasha, hayo ni maneno mazito, una hakika?"

Alamin akasema, "Amelewa."

"Nyosha mkono," nikamwambia.

"Nimesema umelewa."

"Kama nimelewa si unyooshe tu, Alamin? Watu watanicheka mimi, wewe utapanda mnazi wako."

Hakuunyoosha. Aliutia kwapani, hivi, kama mtu mwenye baridi. Yule Ziro, aliyekuwa akifua nazi karibu naye, akaweka nazi chini. Wote wakaweka nazi chini. Ndipo mwanangu akaniangalia, akaniita kwa jina langu. "Biasha," akasema. "Umeniua nikiwa nimesimama." Mtoto niliyemzaa mimi, ameniita Biasha mbele ya watu.

Alifungasha siku ile ile. Kuna mtu amemwona Mackinnon Road, anapakia mizigo kwenye malori. Hapa hoteli zote zimelala tangu zile vurugu za Likoni, hata ile ya Chale hawaajiri, angepata wapi kazi nyingine? Wenye mashamba wengine watatu wameshatuma watu kuniuliza ni kweli. Nimewaambia ni kweli.

Sili vizuri. Kathini ananiletea muthokoi wake wa mahindi na maharage, nakula nusu ili asinung'unike. Nilidhani nikisema kweli nitalala usingizi. Mifupa yote inaniuma.

Ukisikia habari zake niandikie hata neno moja.

Bibi yako,
Biasha binti Matano
(alama ya dole)

Mimi Kathini naongeza na yeye hajui. Bibi anakaa barazani kutoka asubuhi anaangalia barabara. Ukiweza tuma habari haraka.


Nairobi,
6 Juni 1999

Kwa Bi Biasha binti Matano, Gazi.

Nimefika kwa Twaiba. Watu wa Mackinnon Road nao wameshapata habari, dunia ni ndogo kwa maneno kama yako. Mwenye lori mmoja aliniambia, wewe ndiye unayetetemeka, usije ukatuangushia gunia.

Nimekubali ule mpira. Nimekubali aibu hiyo mbele ya binti yangu ili karatasi ya daktari itoke, na nitaileta mwenyewe, na Kathini ataisoma kwa sauti uwanjani kwa Garama, wote wajue mama yangu ni muongo. Kisha nitapanda mnazi mrefu kuliko yote ya shamba lile na wewe utakuwa chini unatazama.

Vipande vimechukuliwa jana. Daktari anavipeleka na ng'ambo kwa rafiki yake, vikapakwe rangi ambayo hapa haipo. Ni wiki nyingi.

Alamin Chirau


Gazi,
20 Juni 1999

Twaiba,

Barua ya babako imefika. Kathini ameitoa nje juani ndipo akaweza kuisoma. Anasema herufi zinaanza kubwa mwanzo wa mstari, zikifika mwisho zimekuwa kama sisimizi. Nikamuuliza, siku zote mwandiko wake ndio huo? Akasema hapana, ana bahasha yake ya mwaka juzi, alikuwa anaandika kama mwalimu.

Anakula? Umempa blanketi? Huko kuna baridi na yeye hataomba. Mchemshie tangawizi. Usimwambie nimeuliza.

Bibi yako
(alama ya dole)


Nairobi,
10 Agosti 1999

Bibi mpenzi,

Shikamoo. Majibu ya Baba yametoka. Hawakuona kitu. Baba yu mzima.

Anarudi nyumbani wiki ijayo.

Ni mimi mjukuu wako,
Twaiba Alamin


Gazi,
1 Septemba 1999

Twaiba mjukuu wangu,

Babako amefika salama. Hii barua ataipeleka posta Kathini mwenyewe kwa mkono wake, na ukishaisoma ichome.

Tangu uende mjini hujawahi kuniandikia barua ya mistari mitatu. Hata siku ulipokuwa na hasira nami ulijaza ukurasa. Wewe ukiwa na furaha unaandika mpaka pembeni, mpaka Kathini anaigeuza karatasi kama chapati. Kathini aliponisomea ile, babako alikuwa ameketi mkekani, nikamtazama. Mtu aliyekwenda kutafuta karatasi ya kunitia aibu, karatasi imemtetea, na yeye anatazama ncha za vidole vya miguu. Nikamuuliza, na ile karatasi ya daktari iko wapi ikasomwe uwanjani? Akasema imelowa njiani. Jua linatuchoma tangu Julai.

Amerudi na dawa kwenye kijaluba. Anasema ni za tumbo. Anazinywa mara tatu kwa siku, na saa moja baada ya kuzinywa uso wake unafunguka kidogo, namwona mwanangu mle ndani.

Sikuulizi. Na wewe usinijibu. Amekuomba uniandikie hivyo na wewe ukamtii baba yako, ni haki yake. Nilitaka tu ujue kwamba hukunidanganya, ili usikae huko ukajilaumu.

Sasa sikia nilichofanya. Ijumaa nikamwambia, twende kwa Garama. Akasema kufanya nini? Nikamwambia twende tu. Akanifuata nyuma. Watu walikuwa wale wale, na vifuo vyao. Nikasimama mahali nilipokuwa nimesimama siku ile. Nikasema, Mzee Garama, na nyinyi nyote mliosikia. Nilisema uongo. Madaktari wa Nairobi wamempima mwanangu mpaka ndani, hana kitu. Uzee umenichezea akili. Nimemvunjia jina lake, namwomba radhi mbele yenu.

Twaiba, mimi nina miaka sabini na ngapi sijui, na sijawahi kuomba radhi kwa jambo ambalo sikukosea. Ulimi ulikuwa mzito kama nimeng'atwa na nyuki.

Ziro akacheka, akasema, "Bi Biasha leo kapatikana!" Wengine wakacheka. Nikawaacha wacheke.

Garama akampa babako mkono, akamwambia, "Basi bwana, minazi inakungoja tangu Aprili. Kesho asubuhi?"

Hapo ndipo pumzi iliponikatika. Nikajiambia, Biasha, umemrudisha juu kwa mdomo wako mwenyewe. Mara ya pili.

Alamin akauachia mkono wa Garama. Kisha akasema, "Ahsante Mzee, lakini nimeshaahidi kwa wale watu wa mikoko. Wanataka wa kupanda miche. Kukwea nimechoka nako."

Garama akasema ni hasara kubwa, mkwezi kama yeye kwenda kuchezea tope. Babako akasema tope ni laini. Akanitazama mimi. Tukatazamana kama watu wawili walioiba kuku mmoja.

Hatukusema kitu njiani. Hatujasema mpaka leo na sidhani tutasema. Yeye anadhani ananificha nisilie. Mimi namfichia kwamba najua. Kathini anasema sisi ni wendawazimu, nimemwambia aandike hivyo hivyo.

Kila maji yakitoka anakwenda. Anachoma miche kwenye tope, mmoja mmoja, mkono ukitikisika unatikisika, mche unaingia. Juzi nilikwenda kumpelekea muhogo nikamwona ameanguka kifudifudi. Nikasimama, sikupiga ukelele. Akainuka mwenyewe, mweusi mpaka masikioni, akaendelea.

Nimechoka sana, lakini nimeanza kulala. Daktari wako mwambie aendelee kutafuta. Pengine atapatikana mtu mwingine huko mbele atakayeambiwa mapema, na mama yake asizike kitu.

Jioni akirudi namtilia chai nusu kikombe, isimwagike. Akiimaliza namtilia nusu nyingine. Hajaniuliza kwa nini.

Bibi yako akupendaye,
Biasha binti Matano
(alama ya dole)